Mbuzi Watatu na Kadi Moja

Siku ya soko, duka la vifaa vya kompyuta pale Kitui mjini halina hata pa kuweka mguu. Huyu anataka chaja, yule anataka kuchapiwa barua ya kazi, na mwingine amesimama tu kwa sababu nje jua linachoma. Katikati ya msukumano huo alikuwa Kathini, sketi ya kitenge cha manjano, blauzi nyeupe, na shingoni utepe wa kupimia nguo wa mama yake aliousahau alipotoka nyumbani. Mkononi alishika kikaratasi chenye jina la kompyuta yake.

Muuzaji alimwekea mezani kadi ya picha yenye feni mbili, kubwa, ya kutisha. "Hii ndiyo inashinda zote, dada. Video yako itakimbia mbaya."

"Hiyo haiwezi ingia kwa mashine yako," ilisema sauti nyuma yake.

Kathini aligeuka. Kijana mrefu, shati la drafti limekunjwa mpaka kwenye viwiko, kofia ya timu ambayo jua lilikuwa limeikausha rangi.

"Na umejuaje mashine yangu?"

"Sijui mashine yako. Najua hako kakaratasi umeshika. Hizo zilikuwa za ofisi, zikachoka, zikaletwa huku. Kasha lake ni nyembamba na umeme wake ni kidogo. Hii kadi inataka waya yake ya umeme, na mashine yako haina hiyo waya."

Msichana mwingine angeona haya. Kathini alivua utepe shingoni, akaupitisha juu ya kadi mbele ya muuzaji, akasoma. Kisha akasoma namba aliyokuwa ameiandika nyuma ya kikaratasi, maana nafasi ndani ya kasha alikuwa ameipima mwenyewe asubuhi. Kadi ilizidi kwa inchi nne nzima.

"Ningetoka hapa na tofali," alisema.

"Tofali lenye feni," alijibu yule kijana. Wakacheka wote wawili, na muuzaji akairudisha kadi yake kabatini.

Jina lake lilikuwa Nzomo, na alikuwa na chumba cha kuchezea gemu Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Siku hiyo alikuwa amekuja kutafuta ubao mama wa kompyuta, ile motherboard, kwa sababu wake uliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Kadi yake tu ndiyo iliyopona, kadi ndogo isiyohitaji waya wa pembeni. Ubao hakuupata.

"Kwa hivyo mimi niko na kadi bila kompyuta," alisema wakiwa nje ya duka, "na wewe uko na kompyuta bila kadi."

"Na unataka nini?"

"Namba ya simu."

"Ya mambo ya kadi?"

"Ya mambo ya kadi pia."

Alimpa. Na mimi sitamlaumu, maana ana miaka ishirini na sita na mpaka siku hiyo mwanamume pekee aliyekuwa amempigia simu mara mbili kwa wiki alikuwa mwenyekiti wa kwaya akiulizia video.

Kazi ya Kathini ilikuwa kuhariri video: harusi, mazishi, kwaya za kanisa. Aliifanyia katika mji mdogo wa Kabati, nyuma ya duka la kushona la mama yake, Muthoki, mjane anayeshonea shule tatu sare. Kati ya cherehani ya mama na kompyuta ya binti palikuwa na pazia, na pazia hilo halikufungwa kamwe. Akipigiwa simu, mama anasikia. Akicheka, mama anauliza ni nini. Wateja wa sare waliingia wakachungulia, wakamwona maiti wa jirani kwenye skrini, wakasimama kutazama mpaka mwisho. Kathini alikuwa amevaa hedifoni miaka minne, si kwa sababu ya muziki, bali kwa sababu hapakuwa na mlango.

Lakini mlango aliujua ulipo. Kitui mjini, nyuma ya ofisi za kaunti, kulikuwa na chumba cha kupanga chenye mlango wa chuma wa buluu na ufunguo wake. Alikwenda kukiona mara mbili. Studio moja ya mjini ilikuwa imemwahidi kazi ya kila mwezi akiwamalizia nyimbo sita za kwaya kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata, kwa mashine yake mwenyewe. Kazi hiyo ingelipia chumba. Tatizo ni kwamba mashine yake ilichukua siku nzima kutoa wimbo mmoja, na mara nyingine ilizima katikati.

Jumamosi Nzomo alifika Kabati na mkoba mgongoni. Alimsalimia Muthoki kwa mikono miwili, akavuka pazia, akafungua kasha la kompyuta, akakodoa macho.

"Nini?" aliuliza Kathini.

"Umekuwa ukifuga kondoo humu ndani."

Feni ilikuwa imejaa nyuzi za kijani za sweta za shule, zimeshikana zikawa kama blanketi. Ndiyo maana mashine ilikuwa inachemka na kuzima. Nzomo alizitoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, Kathini akaziweka kwenye bakuli, na mama kule mbele akauliza kama kuna kitu kimeharibika.

"Hapana, Mwaitu. Ni sweta zako," Kathini alimjibu mama yake.

"Tuanze na vya bei nafuu," alisema Nzomo, akichuchumaa. "Kusafisha ni bure. Halafu RAM, ile kumbukumbu ya mashine, uongeze nyingine kama hiyo uliyo nayo. Halafu hii diski ya zamani uitoe, uweke ya SSD, ile ya haraka. Kadi iwe mwisho. Watu wanakimbilia kadi kwanza ndio wajionyeshe."

"Kama wewe."

"Mimi nilikimbilia, ndio najua."

Alimfundisha pia namna ya kuhariri kwa nakala nyepesi za video, ili mashine isibebe mzigo wote, kisha ile nzito iitwe mwishoni tu. Baada ya wiki mbili RAM ilikuwa imeongezwa, diski imebadilishwa, na kadi ya Nzomo imekaa ndani ya kasha la Kathini. Walikubaliana hivi: siku za kazi mashine ni ya video, Jumamosi mchana ni ya gemu. Nzomo akawa anasafiri kutoka Makindu kupitia Kibwezi na Mutomo kila wiki kuja kucheza mpira wa kwenye skrini. Nauli yake ingemnunulia gemu nyingine, na kila mtu Kabati alijua hivyo isipokuwa yeye.

"Umefungwa tatu bila," Kathini alimwambia siku moja, kidevu mkononi.

"Ni wewe. Unanitazama."

"Natazama skrini, si hizo ndevu umenyoa."

"Basi mbona unajua nimenyoa?"

Kule mbele cherehani ilisimama. Muthoki alikuwa anasikiliza. Wakainama wote wawili wakicheka bila sauti, mabega yakigusana, na hapo ndipo Kathini alipojua kwamba anampenda. Alitaka kumwambia. Lakini utamwambiaje mtu neno kama hilo na pazia liko wazi?

Jioni alimpigia simu akiwa amesimama kando ya tangi la maji, mahali pekee penye siri kidogo.

"Makindu," alisema, maana ndivyo alivyomwita siku hizi.

"Editor wangu. Umekula?"

"Nimekula. Nikipata kile chumba cha Kitui, nitakuambia kitu."

"Si uniambie saa hii."

"Hapana. Nataka kwanza mlango niufunge."

"Nitangoja, mpenzi," alisema Nzomo, na akamaanisha.

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanyika. Mjomba wa Nzomo, mzee Kaveke, huuza mbuzi. Jumamosi moja alikuwa na mbuzi watatu wa kumpelekea mwenye hoteli hukohuko Kabati, na Nzomo akaomba lifti. Kwa adabu tu, ili mama asishtukizwe na mgeni mzee mlangoni, alimpigia Muthoki siku moja kabla.

"Mama, kesho nitakuja na mjomba wangu."

Jamani. Kijana wa Kikamba anayempigia simu mama wa msichana na kumwambia anakuja na mjomba, huyo hajasema habari ya lifti; amesema anakuja kuposa. Muthoki alikata simu akakaa chini. Kisha akasimama, akawaita akina mama wa ushirika wa kanisa, akachinja kuku, akaosha vikombe vya kabatini. Kathini hakuambiwa lolote kwa sababu mama aliamini anajua na anaona haya kusema. Wanawake walipoingia uani na ndoo za chapati, alidhani ni maombi ya kawaida. Akaenda dukani, akavaa hedifoni, akaendelea na wimbo wa tatu.

Saa nane pikapu ilisimama uani. Mzee Kaveke alishuka akiwa amevaa koti, kwa kuwa asubuhi alipitia kikao cha mazishi. Nzomo alishuka akiwa na shati jipya, kwa kuwa alikuwa anakwenda kwa Kathini. Na nyuma, mbuzi watatu wamekauka koo kwa safari.

"Mama, hawa wanyama wana kiu," alisema Kaveke. "Naweza kuwashusha?"

Akawashusha. Mbuzi watatu wakakanyaga ua wa Muthoki, na vigelegele vikapasuka kutoka pande zote za nyumba. Kila Mkamba anajua mbuzi watatu wakishushwa nyumbani kwa msichana wanaitwa ntheo, na wakishapokelewa, huyo msichana ana mwenyewe.

Mzee Kaveke alifungua mdomo, akaufunga. Mbele yake mama mjane alikuwa analia kwa furaha, na wanawake kumi na wawili wanamshukuru Mungu. Alimtazama Nzomo, na Nzomo alitazama chini. Mmoja kati ya wale mbuzi alichinjwa kabla ya saa tisa.

Kathini alipovua hedifoni na kurudi nyumbani kunywa maji, alikuta nyama jikoni, mbuzi wawili wamefungwa kwenye mti wa ua, na mwenyekiti wa akina mama akimkumbatia na kumwita mke wa Makindu. Alimpata Nzomo nyuma ya tangi la maji.

"Hii ni nini?"

"Kathini, ni makosa. Mjomba alikuwa anawapa maji tu."

"Na ukawaambia ni makosa?"

Nzomo aligeukia upande wa jikoni, kulikotoka harufu ya nyama.

"Ulinyamaza. Nyama imeiva na wewe umenyamaza."

"Ningesemaje? Mama yako alikuwa analia."

"Mimi pia niko karibu kulia, na bado unaongea." Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Nilikuambia kuna kitu nitakuambia. Nilikuambia ungoje. Sasa hakuna haja, wamekuambia wao."

Aliondoka. Nzomo alirudi Makindu kando ya mjomba, pikapu ikiwa tupu nyuma.

Wiki iliyofuata Kathini aligundua alivyofungiwa. Alipotaja chumba cha Kitui, mama yake alimtazama kwa mshangao. "Mtu ameletewa mbuzi, atapangaje chumba peke yake mjini? Watu watasema nini kule Makindu?" Mchungaji aliuliza tarehe. Muuza mboga alimpa nyongeza ya sukuma ya bibi harusi. Wazazi wa wanafunzi walipima sweta na kumpima yeye. Pazia lilikuwa pale pale, na sasa ilionekana litakuwepo hata huko aendako, nyumba nyingine, mama mwingine, na yeye bado anavaa hedifoni.

Alichukua bisibisi, akafungua kasha, akaitoa kadi. Aliifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare, akaipeleka kwenye ofisi ya vifurushi, akaandika Makindu.

Nzomo alipiga simu ilipofika. "Mbona umeitoa? Na hizo nyimbo?"

"Hizo ni zangu."

"Kathini, mimi sina hata kompyuta ya kuiweka."

"Basi tuko sawa," alisema, akakata.

Hakupokea tena simu zake kumi na moja zilizofuata. Usidhani hakuzihesabu.

Zilibaki nyimbo tatu na siku tisa. Mashine bila kadi ilikuwa nzito, lakini haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa na RAM ya kutosha na diski ya haraka, na feni yake ilizunguka bila sweta. Alihariri kwa nakala nyepesi kama alivyofundishwa, akawa anaiachia mashine itoe video wakati yeye anashona vifungo na mama yake. Mara mbili ilikwama, mara mbili akaanza upya. Siku ya mwisho saa nne asubuhi alipeleka nyimbo sita studio, na saa sita wakampigia wakasema aanze mwezi unaofuata.

Alirudi na habari hiyo, akamkuta Muthoki anawakatia wale mbuzi wawili majani.

"Mwaitu, nataka kuwarudisha."

Muthoki aliendelea kukata. Mbuzi wakirudishwa ndoa imekwisha, na hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mwanamke wa miaka hamsini na nane.

"Wewe humpendi?"

"Nampenda. Lakini hakuna mtu aliyeniuliza. Wewe hukuniuliza, yeye hakuniuliza. Hata mbuzi waliulizwa kama wana kiu."

Mama aliweka panga chini. Alichukua muda mrefu kujipangusa mikono.

"Niliona uso wa yule mzee," alisema hatimaye. "Nilivyopiga vigelegele tu nikamwona ameshtuka. Nikajua kuna kitu haiko sawa. Lakini akina mama walikuwa washaingia, Kathini. Wameimba. Ningewaambia nini?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Na nilikuwa naogopa. Unavaa hizo vitu za masikio siku nzima, unaenda Kitui kuangalia nyumba hunielezi. Nilisema afadhali uende kwa mtu ninamjua kuliko uende tu." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Huyo wa tatu tulimkula. Utarudishaje wawili?"

"Nitanunua mwingine na malipo yangu ya kwanza."

Muthoki aliinua panga. "Basi chagua mwenye afya. Wasije wakasema tuliwarudishia mifupa."

Malipo hayo yalipoingia Kathini alinunua mbuzi wa tatu, kisha akampigia mzee Kaveke. "Mjomba, wewe ndiye uliwaleta. Njoo uwachukue." Alhamisi pikapu ilikuja. Kathini alivaa gauni la buluu alilojishonea, akafunga nywele kwa kitambaa, akapanda mbele. Safari nzima mzee aliendesha kama mtu anayepeleka kesi yake mwenyewe.

"Mimi nilitaka maji tu," alisema walipofika Kibwezi.

"Najua, mjomba."

Chumba cha gemu cha Nzomo kilikuwa kimefunguliwa, vijana wanne wakibishana mbele ya televisheni. Nzomo alitoka aliposikia pikapu. Alikuwa amekonda kidogo, na ile kofia hakuwa nayo. Alimwona Kathini, uso wake ukang'aa. Kisha akaona waliokuwa nyuma ya gari, na uso ukazima.

"Umewarudisha."

"Hesabu."

Alihesabu kwa macho. "Ni watatu."

"Basi. Sasa mimi si mke wa mtu." Kathini alisimama mbele yake, mikono imekunjwa kifuani. "Na kazi nimepata. Nimemaliza zile nyimbo bila kadi yako. Kwa hivyo jua sijakuja kwa sababu ya kadi."

"Umekuja kwa nini?"

"Nimekuja uyasikie hayo kutoka kwangu, na uniambie mbona ulinyamaza. Si ile ya mama analia. Ile ya ukweli."

Nzomo alitazama barabara, malori yakipita kuelekea Mombasa. Vijana ndani walikuwa wameacha kubishana.

"Nilifurahi," alisema. "Nilijua ni makosa na nikafurahi. Nikaona sasa umekuwa wangu bila mimi kukuuliza, kwa sababu nikikuuliza ungeweza kukataa. Nimejuta hiyo kitu kila siku, Kathini. Naenda kufungua duka, naona ile kadi kwa meza, imefungwa na kitambaa cha shule, nashindwa hata kuitoa."

"Niulize sasa."

"Hapa?"

"Hapa. Hakuna mtu amepiga vigelegele."

Alimsogelea hatua moja. "Kathini, utakubali kuolewa na mimi?"

Alikuwa amelisubiri neno hilo. Lakini alikuwa amejifunza kusema.

"Kwanza mwaka mmoja nakaa kwangu Kitui. Mlango wangu, ufunguo wangu. Jumamosi ukikuja na kadi yako, unabisha."

"Nitabisha."

"Nisipofungua, unangoja."

"Nitangoja."

"Na kile kitu nilikuwa nataka kukuambia tangu ile siku ulifungwa tatu bila, ni kwamba nakupenda. Nilitaka tu nikiseme mwenyewe."

Nzomo alimshika mikono yote miwili, akaikandamiza kifuani, na hawakujali vijana wala malori. Walisimama hivyo mpaka mzee Kaveke alipokohoa kando ya pikapu.

"Samahani, watoto. Hawa wana kiu. Niwashushe ama nisiwashushe?"

Nzomo alifungua mdomo, akaufunga, akamgeukia Kathini na kungoja.

"Washushe, mjomba," alisema Kathini. "Watakaa hapa." Kisha akamtazama Nzomo. "Na mwakani ukitaka kuwaleta, simu upige kwangu. Si kwa mwaitu."